Tanga kuu halitui, halitweki au lina tumbo: kutafuta kosa kwenye mashua ya Ziwa Nyasa

Mtu wa mashua akinipigia simu kutoka Matema, sentensi ya kwanza huwa ileile: "Fundi, tanga bovu." Nateremka kutoka Mbeya, napita Uyole na baridi yake, Tukuyu na mvua yake, mpaka joto la Kyela linanivua koti. Nafika ufukweni nakuta tanga zima. Kosa liko kwenye kamba. Katika miaka tisa ya kushughulika na mashua za tanga kaskazini mwa ziwa, tanga lenyewe limekuwa na kosa mara tatu tu, na mara moja kati ya hizo mkosaji alikuwa panya.

Kwa hiyo hapa tunaanza na kamba, hata pale dalili inapoonekana kwenye kitambaa.

Tuelewane majina kwanza. Mabaharia wa Pwani wana majina ya siku nyingi na mengi yanatufaa: jarari ni kamba ya kutwekea na kutulia tanga, demani ni kamba ya nyuma ya kulivuta na kuliachia, goshi ni pembe ya mbele. Lakini tanga la jahazi linaning'inia kwenye foromali, ule mti wa juu, na upepo ukizidi nahodha hulitua akatweka jingine dogo. Mashua ninazozungumzia hazina foromali. Zina mti uliolala chini ya tanga, umeshikwa kwenye mlingoti kwa bawaba. Mti huo tunauita bumu (si lile jahazi la Waarabu), na tanga lake hupunguzwa palepale lilipo: unalishusha kiasi, unalifunga upya kwenye bumu, kitambaa cha chini kinabaki kimekunjwa. Kila kiwango cha kupunguza tunakiita mkunjo. Mashua ninayoitunza ina urefu wa mita nane, tanga kuu la mita za mraba 14 hivi, na mikunjo miwili. Kila mkunjo una pete mbili kubwa za chuma zilizoshonewa kitambaani, moja ukingo wa mbele na nyingine ukingo wa nyuma, na katikati yake mstari wa vitundu vidogo vyenye vikamba.

Kwanza, je, ulichelewa?

Nusu ya matatizo haya hayapo upepo ukiwa mdogo. Yanazaliwa kwa sababu mtu amengoja.

Kati ya Mei na Agosti Mwera unavuma kutoka kusini, na ziwa lenye urefu wa zaidi ya kilomita 550 lote limelala mbele yake bila kizuizi. Sisi wa Matema tuko mwisho wa njia. Wimbi lililoanza dogo huko Malawi linatufikia limeshakuwa mtu mzima. Msimu wa mvua ni jambo jingine kabisa: mawingu yanajikusanya juu ya Milima ya Livingstone, ukuta unaopanda zaidi ya mita 1500 kutoka kando ya maji, halafu upepo unaporomoka ghafla hata chai hujamaliza.

Upepo ukiongezeka kasi mara mbili, nguvu yake kwenye tanga huongezeka mara nne. Ukitoka na upepo wa kilomita 20 kwa saa ukakutwa na wa 40, tanga lilelile moja linabeba mzigo wa matanga manne. Ndiyo maana tangazo la Mamlaka ya Hali ya Hewa likitaja kilomita 40 kwa saa kwa Ziwa Nyasa, na bado nina sababu ya kutoka, natweka tanga likiwa na mkunjo wa kwanza tayari, nikiwa bado kwenye nanga. Kuliongeza baadaye ni kazi ya dakika moja. Kulipunguza mashua ikiwa imelala ubavu ni kazi ya kutajataja majina ya mababu.

Mpangilio, maana dalili nyingi ni mpangilio uliovurugwa

Legeza demani, legeza na ile kamba inayovuta bumu chini. Hakikisha kamba inayoning'iniza bumu kutoka kileleni imekazwa kiasi cha kubeba uzito. Legeza jarari mpaka alama yako, tia pete ya mbele kwenye ndoano iliyo karibu na mlingoti, kaza jarari tena, na uikaze kwelikweli. Hapo ndipo unavuta kamba ya mkunjo upande wa nyuma mpaka pete ya nyuma ikalie bumu. Mwisho unalegeza ile ya kuning'iniza, unavuta demani, safari inaendelea. Vikamba vya katikati vinaweza kusubiri, hata visifungwe kabisa.

Mbele kwanza, nyuma baadaye. Anayeanza nyuma atakuta pete ya mbele haifiki kwenye ndoano, atavuta kwa hasira, na nitapigiwa simu.

Alama ya jarari ni uzi wa rangi ulioshonwa kwenye kamba yenyewe, mahali panapofika kwenye kishikizo cha kubania kamba pete ya mbele ikiwa kwenye ndoano. Kalamu ya wino inafutika ndani ya mwezi. Uzi mwekundu wa fundi cherehani, mizunguko kumi, na usiku unaipata kwa kidole bila tochi.

Umelegeza jarari, tanga halishuki

Swali la kwanza: upepo unatoka wapi? Ukiwa unatoka tezi, yaani nyuma ya mashua, au ubavuni kwa nyuma, tanga limebandikwa kwenye nyaya za mlingoti kama karatasi kwenye ukuta wenye maji. Hata ukilegeza jarari yote, msuguano unalishikilia. Geuza mashua taratibu kuelekea upepo mpaka ukingo wa mbele wa tanga uanze kupepea, na bumu likae huru nje ya ubavu. Usifike mpaka omo, yaani mbele ya mashua, ikautazama upepo uso kwa uso. Hapo mashua inasimama, inaanza kuyumbishwa na mawimbi, na bumu linapita kichwani mwa mtu huku na huko. Acha tanga la omo, lile dogo la mbele, liendelee kuvuta kidogo. Mashua inayotembea hutulia kuliko iliyosimama.

Kama upepo uko sawa na bado halishuki, pita kwenye demani na kamba ya kuvuta bumu chini. Zikikaza, zinalinyoosha tanga na kulibana mlingotini.

Bado? Sasa shika ukingo wa mbele kwa mkono uvute chini, ukiangalia linakwama wapi.

Likikwama palepale kila siku, kosa liko kwenye mfereji wa mlingoti, ule ambamo ukingo wa mbele wa tanga hupanda na kushuka kwa vitelezi vyake, mahali hapohapo: kiungo kimeachana, skrubu imechomoza, kitelezi kimepasuka kikakaa kishazari. Au nyigu. Sitanii. Mashua yetu ilikaa kwenye nanga wiki sita bila kutumika, na wale nyigu wanaojenga kwa udongo waliona mfereji ule ni nyumba ya bure. Nilipandishwa mlingotini, bisibisi mdomoni, nikakuta vijumba vinne vya udongo mkavu, mfululizo, vigumu kama tofali la Tukuyu. Tanga lilikuwa linapanda kwa kuvisukuma kidogo, kisha vitelezi vinakaa juu yake kama jogoo kwenye paa, haviwezi kurudi. Sasa kila mashua ikilala zaidi ya wiki mbili naziba mdomo wa chini wa mfereji kwa kitambaa, na kabla ya kutoka napitisha kitelezi kimoja kilichofungwa mswaki, juu hadi chini, kwa kamba mbili.

Maji yetu ni baridi tamu, hayana chumvi, kwa hiyo hatupati ule uozo mweupe wa Pwani. Tunapata vumbi. Kuanzia Agosti mashamba yanachomwa, majivu yanatua kila mahali, na wale wadudu wadogo wanaopaa ziwani kama moshi wanamalizia kwa kuganda kwenye kila kitu chenye unyevu. Osha kwa maji na sabuni. Kisha silikoni kavu ya kupulizia. Usipake grisi ya gari. Najua ipo, iko kwenye kopo chini ya kiti cha pikipiki yako. Grisi inakamata vumbi, ndani ya wiki una msasa, na doa lake halitoki kwenye tanga.

Likikwama sehemu tofauti kila mara, angalia fito, zile mbao nyembamba au plastiki zilizomo ndani ya tanga. Ufito uliokazwa sana kwenye mfuko wake unasukuma kitelezi dhidi ya mlingoti. Ulegeze mpaka kunyanzi la wima kwenye mfuko litoweke, basi, usizidishe.

Lisiposogea hata unyoya, jarari ndiyo iliyokwama. Kamba imeruka gurudumu la gofia, lile kapi la kileleni, ikajipenyeza kati ya gurudumu na ubavu wake, au kuna fundo limeingia kwenye kapi la chini. Angalia chini kabla ya kupanda juu. Mpwa wangu aliwahi kunishawishi tupandishe mtu mlingotini saa kumi jioni, Mwera ukianza kuamka.

"Mjomba, gofia imekufa. Haiendi mbele haiendi nyuma."

Nikaifuata kamba kutoka kwenye kishikizo, kapi la kwanza, kapi la pili, mpaka kwenye kiatu chake. Alikuwa amesimama juu yake.

Kama kweli imekwama juu na upepo unapanda, usimpandishe mtu. Achia demani tanga lipepee, washa injini, rudi kwenye nanga. Mlingoti wa mita kumi unaoyumba wimbi la mita moja unamrusha mtu kama embe.

Halipandi mpaka juu

Hili ni jepesi. Mara tisa kati ya kumi kamba ya mkunjo wa jana bado imefungwa, au kamba ya kuvuta bumu chini imekaza, au demani. Tanga haliwezi kupanda likiwa limeshikwa miguu. Zikiwa zote zimelegea na bado, tazama juu: jarari imezunguka kwenye waya wa mlingoti, au kitelezi cha juu kimetoka kwenye mfereji pale mlangoni pake. Winchi isiguswe mpaka umeona kwa macho.

Pete ya nyuma haifiki kwenye bumu

Umetia pete ya mbele vizuri, jarari imekaza, unavuta kamba ya mkunjo ya nyuma na inagoma ikiwa imebaki viganja viwili. Kwanza, bumu liko huru? Bila demani kulegezwa unashindana na upepo wenyewe, na upepo haujala ugali wa jana, una nguvu zote. Liache bumu litoke nje, liinuke kidogo, ndipo pete inashuka bila ugomvi.

Pili, tazama pale pete inapokutana na bumu. Kitambaa kilicholegea kinapenda kuingizwa pale na kamba, kikabanwa kati ya pete na mti. Ukiendelea kuvuta kwa winchi utasikia sauti fupi kama mtu kachana gunia la mchele, na huo ndio mwisho wa wikiendi. Winchi haijui tofauti kati ya uzito na kukwama. Wewe ndiye unayejua, kwa hiyo acha, chomoa kitambaa kwa mkono, endelea.

Tatu, kamba za mkunjo wa kwanza na wa pili zimepishana ndani ya bumu. Hii hutokea siku tanga lilipotolewa likarudishwa na mtu mwenye haraka. Dalili yake: ukivuta moja, nyingine inasogea. Tia rangi mbili tofauti. Sisi tuna ya kijani kwa mkunjo wa kwanza na nyeupe kwa wa pili, na tangu siku hiyo hakuna aliyeuliza swali usiku.

Nne, na hili watu hawalitazami kabisa, ni mahali kamba ilipofungiwa. Kamba ya mkunjo inaanzia kwenye bumu, inapanda mpaka kwenye pete, inapita ndani yake, inashuka tena kwenye gurudumu la mwisho wa bumu. Ule mwanzo wake ufungwe kuzunguka bumu nyuma kidogo ya mahali pete itakapokalia. Ikiwa hivyo, kamba inavuta pete chini na nyuma kwa pamoja. Ukiifunga mbele ya pete, itashuka vizuri kabisa, utafurahi, halafu tanga litakuwa na tumbo la mlevi.

Limepunguzwa, lakini lina makunyanzi na tumbo

Hapa ndipo ninapopenda kukaa. Tanga lililopunguzwa linatakiwa kuwa bapa kama mkeka ulionyooshwa. Upepo mkali hauhitaji tumbo. Tumbo ni nguvu, na nguvu ya ziada ndiyo uliyokuwa unaikimbia. Ukipunguza eneo ukaacha tumbo, mashua italala ubavu vilevile na utadhani mkunjo haukusaidia. Nimesikia watu wazima wakisema kupunguza tanga ni kazi bure, na kila mmoja wao nilipopanda mashuani mwake nilikuta tumbo.

Makunyanzi yanasema. Simama karibu na mlingoti, tazama juu, usome.

Ukiona makunyanzi mafupi ya kulala, moja kutoka kila kitelezi, ukingo wa mbele ukifanana na pazia lililoning'inizwa na mtoto, jarari haijakazwa. Watu huikaza kwa mkono baada ya kutia pete kwenye ndoano, wakaridhika. Mkono hautoshi. Ikaze kwa winchi mpaka makunyanzi yale yapotee.

Ukiona mfereji mmoja wima kwenye kitambaa, sambamba na mlingoti, jarari imezidi. Upepo ukiwa mkali sana mfereji huo ukiwa mwembamba mimi nauacha. Utajazwa wenyewe tanga likibeba.

Ukiona makunyanzi yanayotoka pembe ya nyuma na kupanda kuelekea katikati ya tanga, na sehemu ya chini imefura kama shavu la mtu mwenye jino, pete ya nyuma imeshuka lakini haikuvutwa nyuma. Rudi kwenye kile nilichosema kuhusu mahali pa kufungia kamba.

Lipo moja la hila. Makunyanzi makali mafupi yanatoka kwenye kitelezi cha kwanza juu ya ndoano, na kitelezi chenyewe kinavutwa kama kinataka kung'oka. Maana yake pete ya mbele imekaa mbali na mlingoti kuliko vitelezi, na kitelezi kile kimoja kinabeba kazi ya ndoano. Kitapasuka, na kikipasuka cha pili kinarithi mzigo, mpaka tanga lifunguke kama zipu. Fupisha pale kwenye ndoano kwa kamba fupi inayovuta pete kuelekea mlingotini.

Halafu kuna makunyanzi yanayorudi. Umekaza, tanga zuri, baada ya saa moja yako palepale. Hapo ni aina ya kamba. Nailoni inavutika; ni nzuri kwa nanga kwa sababu hiyohiyo, inameza mshtuko, lakini ikiwa jarari itakutesa kila siku. Jarari na kamba za mikunjo ziwe za poliesta iliyosokotwa isiyovutika. Dukani Kyela au Mbeya muuzaji atakwambia zote ni "kamba ya meli". Kata kipande, kitumbukize kwenye ndoo. Kikielea, ni ile plastiki nyepesi inayoliwa na jua, iache. Nailoni na poliesta zote zinazama, kwa hiyo hizo zitofautishe kwa kuvuta: funga ncha kwenye nguzo, ning'inia kwa uzito wako, tazama imeongezeka kiasi gani. Inayokushusha taratibu ni nailoni. Muuzaji atakucheka, mwache acheke.

Umepunguza na bado usukani mzito

Mashua inang'ang'ania kugeukia upepo, mkono unakuuma. Mvuto mdogo kuelekea upepo ni afya. Usukani ukikuteleza mkononi, mashua inajigeuza na kusimama badala ya kukimbia na upepo. Mvuto ukizidi, tazama kwanza lile tumbo. Kisha demani: baada ya kupunguza tanga watu huivuta mpaka mwisho kwa woga. Ilegeze kidogo kidogo mpaka ukingo wa mbele uanze kutetemeka, rudisha kiasi kidogo tu. Kama tanga la omo umelitua lote na kuacha tanga kuu peke yake, nguvu zote ziko nyuma, lazima mashua izungukie upepo. Rudisha kitambaa kidogo omoni.

Kinyume chake kipo pia. Tanga kuu kwenye mkunjo wa pili, tanga la omo zima: mashua inakimbia upepo na ukitaka kubisha, yaani kuipitisha omo kwenye upepo, haigeuki, inafika katikati inarudi. Wengi wanalaumu usukani, mmoja alitaka niung'oe. Punguza mbele, itageuka.

Bumu limeshuka ghafla

Halikushuka ghafla. Jarari ililegezwa kabla ya kamba ya kuning'iniza bumu kukazwa, na tanga ndilo lililokuwa limelibeba. Bumu la mashua ndogo kama yetu linatosha kumpasua mtu kichwa, na hospitali iko mbali na maji. Gusa kamba ile kwa mkono kila mara kabla ya jarari, hata kama una uhakika. Ikiwa imelegea yenyewe, kishikizo chake kimelika meno.

Ukingo wa nyuma unatetemeka kwa kelele

Ndani ya ukingo huo kuna uzi mwembamba, na kila mkunjo huwa na mahali pake pa kuukazia. Uliukaza tanga likiwa zima. Sasa unafanya kazi sehemu nyingine. Ukaze mpaka kelele ikome, usiukaze zaidi, kwa sababu ukingo utapinda kama sikio. Ukiacha kelele iendelee siku nzima nyuzi za mshono zinakatika moja moja.

Nyaya za mlingoti

Kama upande wa chini wa upepo nyaya zinacheza wazi kwenye upepo wa kawaida, mlingoti unahama, na hakuna tanga litakalokaa sawa juu ya mlingoti unaohama. Kulegea kidogo upande huo ni kawaida. Kaza pande zote mbili kwa mizunguko inayolingana ya skrubu, tazama mlingoti kutoka tezi kama uko wima, kisha rudisha pini za kuzuia skrubu zisijifungue. Waya wenye uzi mmoja uliokatika ubadilishwe. Usiufunge kwa utepe ukauita mzima. Pitisha kitambaa cha pamba juu yake, kitanasa penye uzi uliokatika kabla ya kidole chako kunasa.

Limechanika kwenye vitundu vya katikati

Hili ndilo lililonigharimu mimi mwenyewe, kwa hiyo silisemi kwa kumcheka mtu.

Vile vikamba vya katikati kazi yake ni kukusanya kitambaa kilicholegea kisipigwe na upepo. Havibebi mzigo. Mzigo unabebwa na pete mbili, ya mbele na ya nyuma, basi. Vifungwe kwa kulegea, chini ya kitambaa na juu ya bumu pakiwezekana, kwa fundo linalofunguka kwa mvuto mmoja. Ukivikaza kuzunguka bumu, kamba ya nyuma ikilegea hata kidogo, tanga zima linaning'inia kwenye vitundu vyenye ukubwa wa shilingi.

Na wakati wa kutengua mkunjo, hivyo ndivyo vinavyotangulia. Fungua vyote, vihesabu, ndipo ulegeze kamba ya nyuma, kisha utoe pete ya mbele kwenye ndoano, kisha utweke. Siku ile tulikuwa tunarudi kutoka Ikombe na vyungu vya Wakisi, vimefungwa nyasi chini ya kiti, tunavipeleka mnada wa Jumamosi wa Lyulilo. Upepo ulitulia, nikataka tanga lote. Vikamba vilikuwa vitano. Nilifungua vinne. Cha tano kilikuwa upande wa pili wa tanga, nyuma ya kitambaa, sikukiona, na nilikuwa kwenye winchi, si kwa mkono. Mpasuko ulianzia kwenye kitundu ukapanda wima kama kiganja na nusu, ukasimama kwenye mshono. Vyungu vilifika vyote.

Mpasuko wa aina hiyo usiuzibe kwa gundi ukategemea. Utepe wa tanga unakufikisha nyumbani tu. Mshono wenyewe nilimpelekea fundi wa maturubai wa Mwanjelwa, Mbeya, wale wanaoshonea malori ya barabara ya Tunduma, kwa sababu cherehani zao zinapita kwenye kitambaa kizito bila kulalamika. Mambo matatu ya kumwambia. Uzi uwe wa poliesta, maana wa pamba unaoza na jua la ziwani linaumaliza. Mshono uwe wa zigizaga, kwa sababu mshono ulionyooka unatoboa mstari mmoja kama stempu na kitambaa kitachanika hapohapo tena. Na kiraka kikatwe kwa kufuata nyuzi za tanga, si kwa upande wa kipande kilichobaki mezani, pembe zake zikiwa za mviringo.

Alilikunjua sakafuni, akalitembelea kwa miguu mitupu kutoka pembe hadi pembe, akakwama kwenye pete za mkunjo akizigeuzageuza.

"Kaka, hili turubai ni la lori gani?"

Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, akapima kiraka kwa shubiri, akanitoza bei ya turubai la Canter.